Padoboadi ya kujaza upepo: kuipampu mpaka ikaze, na kurudi nayo pwani salama

Hizi boadi za kujaza upepo zimekuwa nyingi huku Unguja, ukipita Paje au Jambiani asubuhi utaona mtu kasimama juu ya maji na kafi mkononi, na siku hizi sio wageni tu, vijana wetu wenyewe wanazo, wengine wamenunua kwa mgeni aliyekuwa anaondoka hataki kubeba tena lile begi zito kurudi nalo kwao. Sasa ukinunua hivo mara nyingi hupewi kitabu cha maelezo, unapewa begi na pampu basi. Watu wakinifuata swali lao la kwanza ni pampu, mbona geji haisogei, mbona boadi inapinda katikati. Ntajibu yote hayo, lakini naomba unisikilize kwanza kwenye jambo moja ambalo watu hawaulizi na ndilo linaloondoka na watu: hii kitu ni tanga. Ina urefu wa mita 3 na zaidi, unene wa sentimita 15, haina uzito wa maana (nyingi ni kilo 9 au 10), na wewe umesimama juu yake kama mlingoti. Upepo ukiivamia inakwenda, na wewe unakwenda nayo.

Kwahiyo tunaanza na upepo na maji, begi liache limefungwa hapo hapo.

Upepo kwanza

Kusi linatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Hilo kila mtoto wa pwani analijua, ila fikiria maana yake kwa mtu mwenye boadi. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Ukiwa Paje, Bwejuu, Jambiani, Matemwe, yani upande wa mashariki wa kisiwa, upepo unatoka baharini unakuja kwako, ukichoka unakusukuma kurudi ufukweni. Ukiwa Kendwa au upande wowote unaotazama magharibi, upepo huo huo unatoka nchi kavu, unapita juu ya minazi, unashuka baharini na kuelekea bara. Na ubaya wake ni kwamba upande huo ndio maji yanaonekana mazuri zaidi, yametulia kama kioo karibu na ufukwe, maana ufukwe na miti vinakukinga. Ukienda mita 200 mbele kinga inaisha.

Mimi hilo nililijua kwa mwili wangu. Ilikuwa Julai, kusi limekaza, mi nikashuka Kendwa kwenye saa tisa mchana nikaona maji safi hayana hata wimbi, nikapiga kafi taratibu kwenda mbele najisikia hodari kweli, nakwenda bila nguvu. Nilipogeuka kurudi ndo nikaelewa kwanini nilikuwa nakwenda bila nguvu. Nilipiga kafi kama robo saa nikiwa nimesimama, ile hoteli niliyokuwa nimeiweka alama inazidi kuwa ndogo. Nikapiga magoti, nikawa sisogei mbele wala nyuma. Mikono ikaanza kuwaka moto. Aliyeniokoa ni mzee mmoja na mwanawe waliokuwa wanarudi na ngalawa yenye mashine, wakanirushia kamba, na njia nzima yule mzee hakunigombeza, alinambia tu kwamba upepo wa upande huu hauji, unakwenda, na mvuvi yeyote wa Nungwi angenambia hivo bure kama ningeuliza. Nilikuwa nimepita mbele ya wavuvi kama kumi wakishona nyavu nikiwa na begi langu mgongoni. Sikuwaamkia vizuri wala kuwauliza.

Basi uliza. Shikamoo baba, leo bahari ikoje, upepo unageukia wapi saa ngapi. Dakika mbili tu, na huyo unayemuuliza amelisoma hilo eneo miaka arobaini.

Kwenye simu pia angalia, app ya Windy inaonyesha upepo kwa saa na inaonyesha na dharuba, na hizo dharuba ndo za kutazama zaidi kuliko wastani. Kwa anayeanza mi nasema mwisho noti 10, hiyo ni kama kilomita 18 kwa saa, na kama simu huna tazama maji yenyewe: mawimbi yakianza kutoa povu jeupe kule nje, siku hiyo sio yako. Ukiona wale wa kaiti (wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa) wamejaa Paje, tayari upepo ni mkubwa kwako, maana wao wanakuja kufata kile kile unachotakiwa kukikimbia. Kama kuna upepo wowote unaotoka nchi kavu na wewe bado hujazoea, usiende, au baki mahali ambapo maji yanakufika kiunoni, na usidanganyike na utulivu wa pale karibu. Nyakati nzuri za mwaka ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana, Oktoba na Novemba na tena kwenye Machi, ingawa huko mbele masika ikishika mvua inakuja na pepo zake za ghafla. Na kwa siku, ni alfajiri mpaka kama saa tatu, kabla jua halijaamsha upepo.

Maji sasa, na hapa ndo wengi wanakosea

Watu wanasema nenda asubuhi, bahari imelala. Kweli upepo umelala. Lakini maji je?

Kwetu huku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua ikiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji mafu tofauti ni kama mita moja na kidogo tu. Na kuna kitu kizuri kuhusu hizi saa ambacho ukikishika hukisahau: siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu (tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu, takriban), huku Zanzibar maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kumaliza kupwa kwenye saa nne asubuhi. Sasa chukua hapo. Saa kumi mpaka saa nne ni masaa sita, na maji hayatoki kwa mwendo mmoja, yanaanza polepole, yanakimbia sana katikati, yanamalizia polepole. Yale masaa mawili ya katikati yanabeba karibu nusu ya maji yote. Katikati ni saa ngapi? Saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Yani saa ile ile uliyoambiwa bahari imelala, siku ya bamvua maji yote ya ndani ya mwamba yanakimbilia nje, na Paje au Jambiani yanatokea kwenye milango ya mwamba, yani yale mapengo yake, na kwenye mlango yanakuwa kama mto. Mtu kasimama kwenye boadi, upepo hakuna, anaangalia samaki chini, hajui kama anavutwa.

Maji mafu ni kinyume. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi, kwahiyo saa moja asubuhi yanapanda, yanapanda kwa upole, yanakurudisha ufukweni. Upepo umelala, mkondo ni mdogo, maji yanaingia. Kama ndo mara yako ya kwanza subiri siku hizo, hata kama ni kusubiri wiki nzima. Mi rafiki zangu wote nawapeleka siku za maji mafu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisumbua kumfata.

Jedwali la maji lipo kwenye simu, lipo kwenye vituo vya kupiga mbizi limebandikwa ukutani. Na milango ya mwamba muulize mvuvi, atakuonyesha kwa kidole pale ambapo wimbi halivunji. Ile sehemu inayoonekana tulivu katikati ya mistari ya povu jeupe, inayokuita upite, ndo mlango wenyewe, kaa nayo mbali.

Haya, pampu

Tafuta kivuli. Toa boadi, ikunjue kwenye mkeka au kanga au majani, sio moja kwa moja kwenye mchanga, maana mchanga ukiingia kwenye valvu utakusumbua mpaka kesho. Kabla ya kufungua kifuniko cha valvu kipulize na ukifute pembeni na kidole.

Ukifungua utaona pini katikati yenye springi. Hii pini ndo kila kitu. Ibonye na kuizungusha kidogo: ina namna mbili, inakaa chini au inaruka juu. Ikiwa juu valvu imefunga, upepo unaingia lakini hautoki. Ikiwa chini valvu iko wazi, kila kitu kinatoka. Unapojaza lazima iwe JUU. Nimeshamuona mtu kapampu dakika ishirini chini ya jua, kachoka, kavuta mpira wa pampu atoe na boadi yote ikatoka upepo usoni kwake kwa mlio mmoja mkubwa, watu wakamcheka, mi sikucheka, nilimwonea huruma kweli maana najua ile kazi. Kwahiyo kabla hujaunga mpira, gusa pini na kidole: ikirudi juu yenyewe, endelea.

Unga mpira wa pampu, zungusha mpaka ukaze. Upepo ukisikika pembeni wakati unapampu basi hujakaza, au kile kipete cha mpira cheusi ndani ya kichwa cha mpira hakipo, kimedondoka. Hicho kipete kitafute, bila hicho hutofika popote.

Pampu nyingi za mkono zinasukuma upepo ukishuka na ukipanda pia, na kuna kifuniko kidogo au swichi ya kuzifanya zisukume ukishuka tu. Anza na ile ya kushuka na kupanda, boadi ijae haraka. Hapa geji itakaa kwenye sifuri, na itaendelea kukaa kwenye sifuri, na watu wanapata hofu wanasema pampu mbovu. Sio mbovu. Ndani ya boadi kuna maelfu ya nyuzi zinazounganisha ngozi ya juu na ya chini, zote zina urefu sawa, ndo zinaifanya ikae bapa kama ubao badala ya kuvimba kama puto. Mpaka boadi ijae umbo na hizo nyuzi zianze kuvutika, hakuna presha ya kupima. Geji nyingi zinaanza kusogea presha ikishafika PSI 5 au 7 hivi (PSI ndo kipimo cha presha kwenye geji).

Ikianza kuwa ngumu, ukiona unanyanyua kisigino kusukuma, badilisha iwe ya kushuka tu. Na usipampu kwa mikono! Nyoosha mikono, weka miguu yote miwili kwenye pampu, alafu angusha uzito wa mwili kutoka kiunoni, unainama na kunyooka. Mgongo ukiuma unafanya vibaya. Boadi ya kawaida ya futi 10 na nusu inabeba kama lita 300 za ujazo, na ukifikisha PSI 15 umeingiza karibu lita 600 za upepo, kwahiyo usishangae ukipiga mara mia mbili na kitu, mia tatu. Pumzika katikati, upepo hauendi popote, pini iko juu.

Ngapi sasa? Angalia pembeni ya valvu au kwenye boadi yenyewe, imeandikwa kiwango na mwisho wake. Nyingi zinataka 12 mpaka 15. Mtu mwepesi wa kilo 55 anaweza kukaa kwenye 12, mtu wa kilo 80 kupanda juu aende 15 bila uvivu. Na uvivu ndo ugonjwa wenyewe hapa, watu wanaishia 8 au 9 pale inapoanza kuwa ngumu wanasema imetosha, ukiigonga inatoa sauti kama mlango. Ukiwa ufukweni inaonekana imekaza. Ukisimama juu yake kwenye maji inazama katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, ncha zote mbili zinanyanyuka, upepo unapata pa kushika, kila ukipiga kafi nusu ya nguvu inaishia kwenye kuipinda, na mguu unatetemeka unadhani wewe ndo huna mizani. Mara nyingi nimeona mtu anaanguka anaanguka, nikaongeza PSI 5 tu kwenye boadi yake, akasimama.

Kuna pampu za umeme za kuchomeka kwenye gari pale pa kuwashia sigara, volti 12, unaweka namba unayotaka inasimama yenyewe, kwa dakika kumi hivi. Nzuri sana, ila washa injini isije ikamaliza betri, na usiiachie mgongo ukaenda kunywa madafu. Pampu ya fundi pancha mi nashauri uache. Ina presha ya kujaza tairi ya lori, kichwa chake hakikai kwenye valvu hii, na ukipitiliza mshono wa pembeni unafumuka, na mshono ukifumuka hiyo boadi imeisha kazi nusu.

Ukimaliza, vuta mpira kwa haraka, utasikia "psh" moja fupi alafu kimya. Kimya ndo unachotaka. Ukisikia inaendelea kupumua, bonya pini uiachie iruke tena. Funga kifuniko, hicho nacho kinazuia upepo na mchanga.

Jua. Upepo ukipata joto unatanuka, hii unaijua toka tairi za baiskeli. Boadi yenye PSI 15 iliyojazwa kwenye kivuli cha nyuzi joto 30, ukiiacha juani mchanga unachoma mpaka upepo wa ndani ufike nyuzi joto 60, inaongeza kama PSI 3 yenyewe bila wewe kugusa. Ikiwa nyeusi au ya bluu iliyokoza ndo zaidi. Kwenye maji haina shida, bahari inaipoza. Ufukweni iweke chini ya mkungu au mnazi usio na nazi zilizokauka, au itoe upepo kidogo, sekunde mbili tatu.

Pezi, kafi, kamba

Pezi kubwa linaingia kwenye reli nyuma chini, upande uliojipinda unatazama nyuma, alafu bana kibano chake. Bila pezi boadi inazunguka kama sahani, huwezi kwenda mstari ulionyooka. Liweke ukiwa umeigeuza boadi, na kuanzia hapo usiiburute.

Kafi linalorefushwa: simama, nyoosha mkono juu, mpini uishie kwenye kifundo cha mkono wako. Bapa lake limeinama kidogo, na huko linakoinamia kuelekee MBELE, mbali na wewe. Karibu kila anayeanza anaelekeza kinyume kwasababu linafanana na kijiko na mtu anataka kuchota. Usichote.

Kamba ya mguuni. Hii ntasema kwa msisitizo wote nilionao. Ukianguka boadi inaruka, na kwa upepo mdogo tu inakwenda haraka kuliko unavoogelea, na hiyo boadi ndo boti lako, ndo kitu pekee kinachoelea kilichobaki. Baharini penye nafasi funga kifundo cha mguu. Lakini penye maji yanayokimbia na vitu vya kukunasa, mtoni, kwenye mikoko, penye boti zimefungwa nanga na kamba zake, kamba ya mguuni inaweza kukunasa chini usiifikie, pale unataka ile ya kiunoni yenye kifundo cha kuvuta ikaachia mara moja. Oktoba 2021 kule Haverfordwest, Wales, watu wanne walikufa kwenye msafara wa padoboadi mtoni, mto umejaa mvua, wakaporomoka kwenye kizingiti cha maji, na uchunguzi ulipofanyika kamba walizofunga zilikuwa moja ya mambo yaliyoonekana hayakufaa kwa maji yale. Kwahiyo ukienda na boadi yako kwenye mikoko au kwenye mto wowote bara, badilisha kamba kwanza.

Laifu jaketi vaa mwilini. Sio kuifunga kwenye ile mipira ya mbele ya boadi kama pambo. Hata kama unaogelea vizuri, maana ukigongwa na boadi yako mwenyewe kichwani kuogelea kwako kumekwisha. Filimbi ifunge kwenye jaketi, simu kwenye mfuko usioingiza maji shingoni, chupa ya maji, kofia. Nguo nyembamba ya mikono mirefu, sababu jua la juu na jua linalorudi kutoka kwenye maji ni majua mawili. Na mtu mmoja ufukweni awe anajua umeelekea wapi na utarudi saa ngapi.

Kuingia na kusimama

Bebea mpini wa katikati, ingia mpaka maji yafike juu ya magoti, la sivo pezi litagonga chini. Kwetu chini kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, na kuna samaki taa wamejifukia mchangani, kwahiyo vaa viatu vya maji na tembea kwa kuburuza mguu usinyanyue, taa akisikia anaondoka mwenyewe.

Panda kwa magoti, katikati kabisa, ule mpini wa kubebea uwe kati ya magoti yako. Piga kafi ukiwa umepiga magoti dakika tano, kulia mara tatu, kushoto mara tatu, uizoee. Ukitaka kusimama laza kafi mbele yako, weka mikono juu yake, leta mguu mmoja, leta wa pili pale pale magoti yalipokuwa, nyanyuka taratibu ukitazama mbele ufukweni kwa mbali. Ukitazama miguu yako utaifata chini. Mara tu ukisimama tia kafi majini, kafi likiwa ndani ya maji linakuwa mguu wa tatu. Magoti yalegee kidogo, miguu iwe sambamba, sio mmoja mbele kama wa kuteleza mawimbi.

Zamisha bapa lote, vuta mpaka lifike usawa wa mguu, toa. Ukivuta zaidi ya hapo unageuza boadi tu.

Kuanguka utaanguka, anguka pembeni kwa upana kama unavoangukia godoro, usipige mbizi wala kuruka na miguu. Ndani ya mwamba maji ni mafupi na matumbawe ni makali kama wembe. Kurudi juu: shika mpini wa katikati kwa mkono mmoja, nyoosha miguu nyuma ipige maji mpaka mwili ulale, jivute tumbo lipite juu. Fanya hili zoezi mara kumi pale kiunoni kabla hujaenda mbele, sababu mtu aliyechoka akianguka mara ya nne ndo anagundua hajui kupanda.

Na jambo la heshima. Paje, Jambiani, Bwejuu yale mashamba yenye vigingi na kamba chini ya maji ni mwani wa kina mama, ni kazi ya mikono yao, wanafunga kipande kimoja kimoja kwenye kamba. Pezi lako likikamata kamba linang'oa kazi ya wiki. Maji yakiwa mafupi zunguka, na ukiwakuta wapo kazini salimia, pita mbali. Nyavu na madema vivyo hivyo, ukiona boya au chupa inaelea ina kitu chini yake.

Safari ya kwanza kaa sambamba na ufukwe, usielekee nje, na upepo ukiwepo anza kwa kuukabili ili kurudi iwe rahisi. Kila dakika kumi simama, usipige kafi, tazama alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi na paa la nyumba tuseme, uone unapelekwa wapi. Kama zinaachana haraka rudi wakati huo huo, usimalizie.

Ukizidiwa

Shuka kwenye magoti mara moja, umepunguza tanga nusu. Bado husogei, lala kifudifudi, kafi liweke chini ya kifua bapa likitazama mbele, piga maji kwa mikono yote miwili, upepo hauna pa kukushika sasa. Kwenye mkondo wa mlango usipigane nao uso kwa uso, kata pembeni, sambamba na mwamba, mpaka utoke kwenye ule mto wake.

Bado haiwezekani? Kaa juu ya boadi. USIIACHE boadi ukaogelea, hata ufukwe ukionekana karibu, mtu anayeelea na boadi anaonekana kwa mbali na kichwa kimoja kwenye mawimbi hakionekani. Piga filimbi, nyanyua mikono yote miwili na kuishusha pembeni polepole, tena na tena, inua kafi juu. Piga simu 112, na ukiwa na namba ya mtu mwenye boti pale ufukweni piga hiyo kwanza, atafika haraka zaidi. Mi nilivotoka Kendwa siku ile nilihifadhi namba tatu za wenye boti, kila ufukwe ninaoenda nachukua namba kabla ya kuingia.

Kuitoa na kuitunza

Futa mchanga kwenye valvu kwanza, alafu bonya pini na uizungushe ibaki chini, geuza uso pembeni, inatoka kwa kelele. Ikunje kuanzia mbele kuelekea kwenye valvu ili upepo uendelee kutoka, usiikunje kwa kukaza sana. Isuuze kwa maji ya kisima au ya bomba, chumvi inakula springi ya valvu, na ikauke kivulini kabisa kabla ya kuingia kwenye begi, ikifungwa na maji inaota ukungu na kunuka. Kama unaitumia kila siku ni sawa kuiacha na upepo, shusha mpaka kama PSI 6 na uiweke ndani.

Inavuja? Paka maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye mishono, povu litakuonyesha. Mara nyingi ni valvu yenyewe imelegea, ile spana ya plastiki iliyokuja kwenye kiboksi cha viraka ni ya kuikaza, robo mzunguko tu. Kikiwa kitundu, toa upepo wote, safisha kwa spiriti, paka gundi ya PVC pande zote mbili, kwenye boadi na kwenye kiraka, subiri mpaka ukigusa inanata lakini haiachi kidoleni, bandika, kandamiza na kijiko kuanzia katikati kwenda nje, alafu iwekee kitu kizito na usiijaze mpaka kesho yake saa kama hiyo hiyo.